Trela yako inasema nini nyuma ya mgongo wako?

JE, msomaji, umewahi kuendesha gari au kuabiri matatu usiku, kisha ghafla mbele yenu pakazuka kitu kirefu cheusi, hakina taa wala ishara, na dereva akalazimika kukanyaga breki hadi abiria wakaangukiana? Kama umewahi, basi unajua jinsi moyo unavyopanda hadi kooni. Na bila shaka ulimlaani aliyekuwa mbele yenu, ukamwita mjeuri asiyejali roho za wenzake.

Lakini huenda dereva huyo hakuwa mjeuri hata kidogo. Huenda alikuwa mzazi kama wewe, akirejea nyumbani na viti vya harusi au magunia ya mahindi kutoka mashambani, akiamini kwamba taa zake zote zinawaka. Kwa nini asiamini? Kila alipowasha indiketa, mshale mdogo mbele ya macho yake uliwaka na kuzimika kama kawaida. Naam, dereva anayevuta trela ndiye mtu wa mwisho barabarani kujua kwamba trela yake imekuwa bubu.

Hayo ndiyo yaliyomfika jirani yangu, mama mmoja wa hapa Nairobi anayekodisha hema na viti. Ana pikapu kuukuu na trela ndogo ya magurudumu mawili, na kwa vitu hivyo viwili amesomesha watoto. Jumamosi moja alikuwa amepeleka hema Machakos kwenye mazishi. Alianza safari ya kurudi jua likitua, na katika nchi yetu, iliyoketi juu ya ikweta, jua halina subira. Saa kumi na mbili na nusu jioni bado unasoma namba za gari lililo mbele yako. Ifikapo saa moja na robo, ni giza.

Kati ya njia panda ya Machakos na Athi River alisikia honi nyuma yake mara mbili tatu. Hakushtuka. Katika barabara ya Mombasa honi ni kama salamu. Alipofika Mlolongo akaingia kwenye kituo cha mafuta, na lori lililokuwa likimfuata likaingia pia. Dereva wake akashuka, akamjia polepole.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimekufuata tangu kule njia panda nikidhani wewe ni bodaboda. Taa yako ya kulia haiwaki. Nimebaki kidogo sana nikupande."

Hebu fikiria maneno hayo, msomaji. Usiku, taa moja nyekundu iliyo upande wa kushoto wa barabara haimwambii dereva kwamba kuna trela. Humwambia kwamba kuna pikipiki inayojibanza kandokando ya lami. Naye hujitayarisha kupita kwa nafasi ya kupitia pikipiki. Kona ya kulia ya trela, ile iliyojitokeza zaidi barabarani, ndiyo asiyoiona mpaka taa zake mwenyewe ziipige, na kufikia hapo huenda amechelewa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde moja. Sekunde moja tu ya kujiuliza "kile ni nini?" inatosha kuleta msiba.

Cha kushangaza ni kwamba mama huyu hakuwa mzembe. Mara tatu alikuwa amempelekea fundi trela hiyo, na mara tatu fundi alikuwa amebadilisha balbu. Kila mara taa iliwaka pale gereji. Siku mbili baadaye ilizimika tena. Ubovu haukuwa kwenye balbu. Ulikuwa kwenye kidude kidogo kilichofungwa chini ya bampa ya pikapu, kimejaa matope, na hakuna aliyejisumbua kukifunua.

Kidude chenye pini saba

Kidude hicho ni soketi ya trela. Watu wengi husema "plagi" kwa ujumla, lakini ni vizuri tutofautishe. Plagi ni ile nusu inayoning'inia mwisho wa waya wa trela. Soketi ni nusu nyingine, iliyofungwa kwenye gari linalovuta, karibu na tufe la chuma ambalo trela hushikia. Plagi ikichomekwa ndani ya soketi, taa za trela huanza kufuata amri za gari: ukikanyaga breki mbele, taa za breki huwaka nyuma.

Magari mengi madogo hapa kwetu hutumia soketi ya duara yenye pini saba, ya umeme wa volti 12. Pini sita zimezunguka, na ya saba iko katikati. Mpangilio wake wa kimataifa huitwa 12N, na ndio uliotumika Uingereza kwa miaka mingi.

Maskini soketi hiyo! Hakuna sehemu ya gari inayoteswa kama yeye. Hukaa mahali ambapo magurudumu ya nyuma hutupa matope na maji. Hugongwa na mawe. Watu huipiga teke wakifunga trela. Kifuniko chake kina springi ndogo, na springi ikikatika, mlango hubaki wazi mchana na usiku. Maji yakiingia, shaba huota kutu ya kijani, pini hulegea, na umeme huanza kupita kwa kubahatisha.

Hapo ndipo penye siri ya fundi wa balbu. Kila alipochomoa plagi na kuichomeka tena, pini zilisuguana, kutu ikakwanguka kidogo, taa ikawaka. Akadhani amemaliza kazi. Baada ya mitikisiko ya barabara na mvua moja, kutu ilirudi mahali pake.

Ishara za ugonjwa

Utajuaje kwamba soketi yako imechakaa? Kwanza, funua kifuniko chake uchungulie. Pini nzima hung'aa kama shilingi mpya. Pini mgonjwa huwa nyeusi, ya kijani, au imeinama. Shika plagi iliyochomekwa uitikise taratibu huku mwenzako akitazama taa. Kama zinawaka na kuzimika kwa mtikisiko huo, umeshampata mwizi.

Pili, tazama jinsi taa zinavyokosea. Taa moja tu ikikosekana, huenda ni balbu, pini moja, au waya mmoja uliokatika. Lakini zikianza vituko, kwa mfano ukiwasha indiketa ya kushoto na taa za kulia nazo zinapepesa, au ukikanyaga breki taa zote zinafifia badala ya kung'aa, basi usiguse balbu hata moja. Huo ni ugonjwa wa waya mweupe.

Waya mweupe ni upi? Umeme, msomaji, haufiki kwenye balbu ukaishia pale. Ni lazima urudi kwenye betri. Katika trela kuna nyaya kadhaa za kupeleka umeme, kila moja na kazi yake, lakini wa kuurudisha ni mmoja tu. Ndio huo mweupe, ambao mafundi huuita athi. Balbu ya breki hutumia wati 21, ya indiketa wati 21, na taa ndogo ya nyuma wati 5. Ukikanyaga breki usiku huku umewasha indiketa ya upande mmoja, zinawaka taa ndogo mbili, za breki mbili na indiketa moja, jumla wati 73. Kwa volti 12 huo ni umeme wa ampea sita hivi, nao wote unarudi kwa waya mmoja.

Waya huo au pini yake ikiota kutu, umeme hukosa njia ya nyumbani. Hapo hutafuta uchochoro, ukapitia balbu ya jirani. Ndiyo maana taa za upande usiohusika hupepesa.

Kuna ulaghai mwingine. Umeme huweza kurudi kupitia chuma cha trela kilichoshikana na tufe la pikapu. Kwa hiyo waya mweupe unaweza kuwa umekatika tangu mwaka jana, na taa bado ziwake mkiwa mmesimama nyumbani. Mkishika barabara, trela ikaanza kuruka, grisi na kutu ya tufe hukata njia hiyo kila dakika. Taa zinazimika mahali ambapo zinahitajika zaidi. Usikubali kuishi kwa njia hiyo ya panya. Waya mweupe ni lazima uwe mzima.

Pima kabla ya kununua

Kabla hujatoa pesa mfukoni, hakikisha ubovu uko upande wa gari. Chukua balbu ya wati 21, iunganishe nyaya mbili, na hiyo ndiyo testa yako. Usitumie kitaa kidogo cha testa ya bei rahisi peke yake, kwa maana waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu huweza kukiwasha vizuri, kisha ukashindwa kuwasha taa halisi.

Chomoa plagi ya trela. Bana waya mmoja wa testa kwenye chuma kitupu cha chasisi, kisicho na rangi wala kutu. Mwambie mwenzako awashe taa ndogo, kisha indiketa ya kushoto, kisha ya kulia, kisha akanyage breki. Kila mara gusa pini inayohusika kwa ule waya wa pili. Balbu iwake vizuri kila mara. Angalia usiguse pini mbili kwa mpigo, la sivyo utaunguza fyuzi.

Sasa hamisha ule waya wa kwanza kutoka kwenye chasisi uuguse kwenye pini namba 3, ambayo ni ya athi, na urudie jaribio. Kama balbu iliyokuwa ikiwaka vyema sasa imefifia au imekataa kabisa, athi ya gari ndiyo mbovu. Kama kila kitu kiko sawa upande wa gari, basi tafuta ubovu kwenye plagi, nyaya au balbu za trela yenyewe.

Pini moja ikikataa, usikimbilie kulaumu soketi. Angalia fyuzi kwanza. Na ukikuta fyuzi imeungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Wako watu wanaoziba pengo la fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Huko ni kumwondoa mlinzi langoni na kuwafungulia moto mlango.

Ukiridhika kwamba soketi ndiyo imekwisha, nenda dukani. Katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, na kwenye maduka ya vipuri ya miji mingine, utaipata. Bei yake haikaribii hata bei ya tairi moja. Hata hivyo, fungua macho. Soketi za malori ni za volti 24 na mpangilio wake ni mwingine kabisa: athi, ambayo kwa gari dogo ni pini namba 3, kwa lori ni namba 1. Sema waziwazi kwamba unataka ya volti 12, pini saba. Na kama plagi ya trela nayo imechakaa, zinunue zote mbili. Pini mpya ikikutana na pini yenye kutu, haichukui muda kuambukizwa.

Kazi yenyewe

Vifaa unavyohitaji ni bisibisi, spana ndogo, plaisi, wembe au kisu kikali, msasa, mafuta ya kulegeza kutu, na mafuta ya mgando ya kujipaka kama Vaseline. Simamisha gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, na uweke jiwe nyuma ya gurudumu. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee.

Hatua ya kwanza, fungua waya wa hasi wa betri. Kuanzia hapo hakuna cheche itakayokushtua.

Hatua ya pili, mwagia bolti za soketi mafuta ya kulegeza kutu na uende ukanywe chai. Kwa kawaida ni bolti tatu, na mara nyingi zimeshikwa na kutu. Anayezilazimisha huzikata vichwa.

Hatua ya tatu, na hii ndiyo muhimu kuliko zote: kabla ya kufungua waya hata mmoja, chora. Nyuma ya soketi, kando ya kila skrubu, kumechapishwa namba kuanzia 1 hadi 7. Chukua karatasi uandike ni waya wa rangi gani umeingia kwenye namba gani. Piga picha kwa simu pia, lakini usitegemee picha pekee, kwani namba zilizojaa matope hazisomeki kwenye picha.

Pengine utauliza: si nitafuata rangi tu? La hasha. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na rangi za nyaya za kiwandani hazifanani na za trela. Isitoshe, fundi aliyetangulia huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao siku hiyo. Rangi ni mwongozo, lakini namba na testa ndizo mashahidi.

Hatua ya nne, pitisha kebo ndani ya raba mpya ya soketi kabla ya kuunganisha chochote. Utacheka, lakini hili ndilo kosa la kila mwanagenzi. Hufunga nyaya zote saba kwa ustadi mkubwa, kisha akageuka akaiona raba imelala chini ikimtazama. Hufungua zote na kuanza upya.

Hatua ya tano, kata ncha za nyaya za zamani na uvue gamba lake kiasi cha nusu sentimita hivi. Shaba ing'ae. Ukiona bado ni nyeusi au ya kijani, kata tena zaidi, hadi ufikie shaba nzuri. Usifunge waya wenye kutu kwenye soketi mpya, maana umeme utakwama pale pale ulipokuwa ukikwama. Sokota nyuzi zikae pamoja, ingiza mahali pake kwa kufuata karatasi yako, kaza skrubu, kisha vuta waya taratibu. Ukitoka, haukuwa umekazwa. Hakikisha hakuna unyuzi hata mmoja uliochomoza kugusa skrubu ya jirani.

Hatua ya sita, shughulikia ule waya mweupe. Ufuate hadi mahali ulipofungwa kwenye chasisi. Fungua bolti yake, sugua chuma kwa msasa hadi king'ae, funga tena kwa nguvu, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Wengi hubadilisha soketi na kusahau mahali hapa, halafu wakashangaa ugonjwa umerudi.

Hatua ya saba, paka pini mafuta ya mgando kidogo tu, kiasi cha kufukuza maji. Rudisha soketi mahali pake, bawaba ya kifuniko ikiwa juu, ili kifuniko kianguke na kujifunga chenyewe. Kaza bolti, kisha rudisha waya wa betri.

Usisahau kebo ya trela. Iwe na ulegevu wa kutosha gari linapokata kona kali, lakini isiburute kwenye lami. Kebo inayoburuta hulika kidogo kidogo, na siku moja itakatika katikati ya safari.

KATA UBANDIKE NDANI YA GARI
Soketi ya pini saba, volti 12
1 – manjano – indiketa ya kushoto
2 – samawati – taa ya ukungu ya nyuma (trela nyingi ndogo hazina)
3 – nyeupe – athi
4 – kijani – indiketa ya kulia
5 – kahawia – taa ndogo ya nyuma, kulia
6 – nyekundu – taa za breki, zote mbili
7 – nyeusi – taa ndogo ya nyuma, kushoto

Kidole kimoja hakivunji chawa

Kazi haijaisha. Sasa ni wakati wa jaribio, na jaribio hili halifanywi na mtu mmoja. Ni lazima awepo wa kukaa kwenye usukani na wa kusimama nyuma ya trela. Kama anayesimama nyuma ni mtoto, injini izimwe kabisa, gia iwe huru, breki ya mkono iwe imevutwa, na mtoto asimame kando, si nyuma kabisa. Taa haziitaji injini. Ufunguo ukiwashwa, zitawaka.

Fuateni utaratibu mmoja kila mara: taa ndogo, kushoto, kulia, breki. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea, jaribuni zote kwa pamoja. Washa taa ndogo, weka indiketa ya kushoto, na ukanyage breki huku indiketa ikiendelea. Rudia kwa upande wa kulia. Athi mbovu hustahimili taa moja moja, lakini ikibebeshwa mzigo wote hukiri makosa yake. Taa zikibaki imara, umefaulu. Malizeni kwa kuitikisa plagi kwa mkono na kuitazama tena.

Kwa mama jirani yangu, aliyefanya kazi hii ni kijana wake, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizoni. Fundi mzee wa jua kali alimwelekeza, akikataa kushika bisibisi yeye mwenyewe. "Leo mimi ni macho, wewe ni mikono," alimwambia. Kijana alipofunua soketi ya zamani, pini namba 5, ile ya waya wa kahawia, ilivunjika vidoleni mwake kama biskuti. Hiyo ndiyo iliyokuwa taa ya kulia. Balbu tatu zilikuwa zimenunuliwa kwa ajili yake.

"Na mimi nilikuwa nikimlaumu mwenye duka la balbu," akasema mama.

Muite fundi lini?

Sikushauri ujitose kila mahali. Magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayochunguza taa zote, na ukiyaunganishia waya wa trela bila kifaa maalumu yanaweza kulalamika au kuharibika. Kubadilisha soketi iliyokuwepo, waya kwa waya, si tatizo kubwa. Lakini kama gari lako halikuwahi kuwa na soketi na unataka kuanza upya, mwachie fundi wa umeme wa magari. Vivyo hivyo fyuzi ikiungua kila unapoweka mpya. Hiyo ina maana kuna waya unaogusa chuma mahali usipopaona.

Ukimpelekea fundi, usimwambie tu "taa haiwaki." Mwambie ni taa gani, inazimika lini, na kwamba unataka afunue soketi. Na akitaka kusokota nyaya na kuzizungushia tepu ya umeme nje kwenye matope, mkatalie kwa upole. Tepu hiyo itaachia kwa joto, na maji yataingia.

Sheria nayo iko wazi. Trela hapa Kenya husajiliwa peke yake, kwa namba zinazoanza na herufi Z, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaitaka iwe na taa zake. Askari wa trafiki anaweza kukusimamisha kwa ajili ya taa moja. Hata hivyo, msomaji, askari si wa kuogopwa kuliko lile lori lililo nyuma yako. Askari atakuandikia faini. Lori halina kalamu.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa nyingi ni kweli. Lakini hii ya trela isiyo na taa ina kinga, na kinga yenyewe ni soketi ya bei ndogo, asubuhi moja ya Jumapili, na dakika mbili za kutazama kila kabla ya safari.

Nyumbani kwa jirani yangu, dakika hizo mbili zimekuwa kazi ya binti yake mdogo wa Gredi ya Tano. Kila wanapofunga trela, hata kukiwa na haraka gani, mama hukaa kwenye usukani na binti husimama kando ya ukuta. Ukipita hapo alfajiri utamsikia akipaza sauti: "Ndogo! Kushoto! Kulia! Breki! Zote!" Kisha hunyamaza kidogo, akatazama taa ya kulia kwa muda mrefu kuliko zile nyingine, ndipo aseme, "Sawa, mama. Twende."